Kuanguka nako ni kuweza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa riadha katika shule ya sekondari huku Eldoret. Nabishana na mwenzangu: mimi husema mbio za kuruka viunzi, yeye husema vihunzi, na magazeti ya kunionyesha anayo. Ubishi ulianza nilipokuwa nawasimulia wanafunzi habari za marehemu Nicholas Bett, jinsi alivyoweza kushinda mbio hizo za mita 400 katika mashindano ya dunia kule Beijing mwaka 2015, na jinsi alivyoweza kufariki katika ajali ya barabarani mwaka 2018. Tena, mtu anayekimbia mbio hizo tumwiteje?

JIBU: Marahaba. Ni viunzi. Kiunzi kimetokana na kuunda, kama mlinzi alivyotokana na kulinda na mpenzi na kupenda. Waunda majahazi walikuwa na viunzi vyao zamani sana, kabla hapajachorwa uwanja wowote wa riadha. Nyumba ina kiunzi, mwili una kiunzi cha mifupa, na ile fremu yenye ubao juu anayowekewa mkimbiaji njiani ni kiunzi vilevile. Hiyo h ya mwenzako ameiazima kwa mhunzi, mfua vyuma. Mhunzi ukimdunisha ni kihunzi, wakiwa wengi ni vihunzi, kwa hiyo mbio za kuruka vihunzi ni mbio ambamo wanaume wanane wanawaruka wafua vyuma wafupi, kila mmoja na nyundo yake mkononi. Ningelipa kiingilio kuzitazama.

Lakini simgombezi sana mwenzako. Herufi h katika vinywa vyetu haijapata kutulia. Huyu anaidondosha panapostahili, yule anaichomeka pasipo haja, na anayesema vihunzi anaeleweka na kila mtu. Nimeipigania h miaka mingi, na h imenishinda.

Kilichonikosesha usingizi katika barua yako ni hicho ulichokiandika bila hata kukiona: "alivyoweza kufariki". Ndugu yangu mkufunzi, kufariki kunataka uwezo gani?

Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kutenda jambo. Ukisema fulani ameweza, umetuambia kwamba palikuwa na kikwazo au shaka, naye akapita. Mgonjwa aliyelala siku tatu bila kutia kitu mdomoni, leo ameweza kunywa uji: hapo neno limekaa mahali pake, na nyumba nzima inashangilia. Sasa fungulia redio jioni. Watu watano wameweza kupoteza maisha. Mvua imeweza kunyesha na nyumba zimeweza kusombwa. Mwizi ameweza kukamatwa, na mimi nimebaki sijui pongezi nimpe polisi au mwizi. Tumeweza kuzungumza na mkuu wa wilaya, naye ameweza kutueleza kwamba hana la kusema. Simu moja imepigwa, na uwezo umetumika mara mbili.

Watangazaji wa michezo ndio wamezidi. Chukua fainali ya wanaume ya mita 110 kuruka viunzi katika mashindano ya dunia ya riadha ya mwaka 2011, Daegu, Korea Kusini. Dayron Robles wa Cuba, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2008 na mwenye rekodi ya dunia ya wakati ule, sekunde 12.87, alikimbia bega kwa bega na Liu Xiang wa China katika njia zinazopakana. Kuelekea mwisho mkono wa Robles ukagusana na wa Liu, na Liu akapoteza mwendo. Robles akatangulia kufika. China wakalalamika, waamuzi wakatazama upya, Robles akaondolewa. Dhahabu ikaenda kwa Jason Richardson wa Marekani na fedha kwa Liu. Visa vyote hivyo vimesimuliwa bila "kuweza" hata kumoja, na naamini umeelewa.

Mpe sasa mtangazaji wetu. "Robles ameweza kumgusa Liu, na Liu ameweza kupoteza mwendo, ambapo China wameweza kulalamika na Robles ameweza kunyang'anywa dhahabu." Hiyo "ambapo" nitaishughulikia siku nyingine, nikiwa nimekula. Tuanze na kugusa. Kama Robles aliweza kumgusa mwenzake, basi alikuwa akijaribu tangu mlio wa bastola, akavizia, hatimaye akafanikiwa. Waamuzi walimwondoa kwa kumzuia mwenzake. Mtangazaji amemwongezea na nia mbaya. Njoo kwa Liu. Mtu anayepoteza mwendo ameshindwa kuushika, ndiyo maana ya kupoteza. Kusema ameweza kupoteza ni kumpa pole na hongera kwa mkono mmoja. Halafu kuna hilo la kunyang'anywa, ambalo mimi huliweka juu kuliko yote kwa uharibifu. Kunyang'anywa ni kutendwa. Mwenye kutenda hapo ni waamuzi. Robles kazi yake ilikuwa kusimama na kutazama. Uwezo wake uko wapi? Wa kuwa na kitu kinachonyang'anyika?

Na kuna dhambi nyingine iliyo karibu zaidi na swali lako: "ameweza kuangusha kiunzi". Wewe mkufunzi unajua kwamba kiunzi cha mita 110 kina kimo cha sentimita 106.7 na kwamba kimeundwa makusudi ili kianguke kikigongwa. Mkimbiaji akikipiga kwa mguu kwa bahati mbaya kikaenda chini, haadhibiwi. Hasara yake ni mwendo. Akikisukuma kwa mkono, anaondolewa. Tofauti ya makosa na mkasa iko hapo hapo, na neno "ameweza" linaifuta. Kiunzi kimegongwa na unyayo, mtangazaji anatuambia kijana ameweza. Mama yake aliyeko nyumbani anasikiliza redio, anapiga vigelegele, kumbe mwana amekuwa wa mwisho.

Wapo watakaonijibu kwamba ni mtindo tu wa kusema, mtu anatafuta pumzi huku akitazama kinachofuata. Mtangazaji wa mubashara namsamehe nusu, kwani hana muda wa kufuta. Lakini mbio zenyewe huisha kwa sekunde kumi na tatu na ushei! Viunzi ni kumi, na kati ya kimoja na kingine ni mita 9.14, hatua tatu tu za mkimbiaji. "Ameruka" ni silabi nne. "Ameweza kukiruka" ni nane. Anayetaka kuweza viunzi vyote kumi atakuwa kwenye cha nne wakati mshindi anatafuta bendera ya kujifunika. Mwandishi wa gazeti, mwenye meza, kikombe cha chai na mhariri, huyo simsamehe hata robo.

Sasa usije ukatoka hapa ukaliogopa neno lenyewe. Kukanusha, kwa mfano, sina ugomvi nako. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Liu huyo huyo aligonga kiunzi cha kwanza katika mchujo, akaanguka, kano ya kisigino imeumia. Hakuweza kuendelea na mbio: sahihi kabisa. Kisha akainuka, akarukaruka kwa mguu mmoja pembeni ya viunzi mpaka kwenye cha mwisho, akakiinamia, akakibusu, akavuka mstari. Aliweza kufika mwisho: sahihi tena, na hapo neno lina uzito hata bila kelele za mtangazaji.

Au mchukue Bett wako, tarehe 25 Agosti 2015. Alipangwa njia ya 9, ya nje kabisa, ambako mkimbiaji huanza mbele ya wote na kukimbia bila kumwona hata mmoja wa kumfukuza; wapinzani wote wako nyuma ya mgongo wake. Viunzi kumi vya sentimita 91.4, mita 35 kati ya kimoja na kingine, ukikosea idadi ya hatua unavifikia kwa mguu usio wako. Kenya ilikuwa haijapata kushinda dhahabu ya dunia katika mbio zozote fupi kuliko mita 800. Alimaliza kwa sekunde 47.79, mbele ya Denis Kudryavtsev wa Urusi na Jeffery Gibson wa Bahamas. Jirani yetu John Akii-Bua wa Uganda alikuwa ameyafanya hayo kutoka upande wa pili, njia ya 1, penye kona kali kuliko zote, Olimpiki ya Munich mwaka 1972: sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Hao waliweza. Kwa hiyo "alivyoweza kushinda" yako naipitisha, ingawa ushindi umeshabeba uwezo ndani yake na "alivyoshinda" ingetosha.

Ya pili naikata kwa wino mwekundu. Bett alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika kaunti ya Nandi, siku chache tu baada ya kurudi kutoka mashindano ya Afrika huko Asaba, Nigeria. Waambie wanafunzi hivyo: alifariki. Wakitaka heshima zaidi, aliaga dunia.

Na huyo mwanariadha mwite mruka viunzi, wengi wao waruka viunzi, kama tunavyosema mpiga picha na mla rushwa. Yaandike maneno mawili, usiyabandike. Yule aliyeanza kuandika "mwanaviunzi" simjui, na naomba nisitambulishwe kwake.