Baba Anataka Kurudi: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

SWALI: Namlea binti wa kaka yangu tangu ana miaka 9. Sasa ana 15, yuko S.2, mwaka wa pili wa sekondari. Kaka alikuwa akinywa waragi, ile pombe kali, kila siku, kisha akaenda Kampala akatuachia mtoto. Mwezi huu amepiga simu: ataacha pombe Alhamisi, na Jumamosi atapanda basi aje kumwona bintiye. Wazee wa ukoo wanataka tuchinje mbuzi. Binti anasema ana swali moja tu, la usiku ule baba alipomfungia nje kwenye mvua. Alipomgusia kwenye simu, baba alisema, "Hilo silikumbuki." Binti akakata simu. Nifanyeje? — Shangazi, Tororo

JIBU: Shangazi, kwanza isogeze hiyo Jumamosi. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata pombe ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka na usingizi humpotea. Wanaopatwa na degedege, wengi huipata ndani ya saa 48 za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne ndipo wengine huweweseka: huona wadudu ukutani, husikia sauti, hawajui walipo. Hali hiyo huua. Akiacha Alhamisi, Jumamosi atakuwa katikati ya hatari hiyo, tena ndani ya basi, na binti atapokea mtu anayetetemeka na kuloa jasho, aamini kwamba amekuja amelewa.

Kwa hiyo kaka asikate pombe peke yake chumbani kabla ya kuonwa na daktari. Akiwa Kampala aende hospitali ya Butabika, ambako kuna kitengo cha watu wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Akija upande wenu, hospitali ya rufaa ya Mbale ina huduma ya afya ya akili. Huko hupewa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepamu, inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa pombe ya miaka mingi huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu ubongo. Aseme ukweli wa kiasi anachokunywa na saa aliyokunywa mara ya mwisho. Wengi huona aibu wakapunguza hesabu, kisha dozi ikawa ndogo kuliko inavyotakiwa. Sisi tungengoja wiki 3 baada ya matibabu hayo kabla ya kuwakutanisha.

Na mbuzi asubiri. Sherehe ina watu wengi wanaomtazama binti mmoja waone kama atapiga magoti, kama atamkumbatia, kama atalia. Hapo hawezi kuuliza swali lake, na akinyamaza ataambiwa ana kiburi. Mkutano wa kwanza uwe wa watu watatu: baba, binti na wewe. Saa nne asubuhi, mahali pa chai pasipouza bia, karibu na paki ya teksi, dakika 45 zilizotajwa mapema kwa pande zote mbili. Wewe kaa meza ya pili, unakoonekana lakini husikii kila neno. Binti awe na nauli yake ya boda mfukoni, na mpatane ishara: akikuuliza "Shangazi, saa ngapi?" mnanyanyuka, bila maelezo. Salamu aamue mwenyewe. Kumpa mkono kunatosha.

Sasa lile la "silikumbuki". Hapa ndipo mikutano mingi huvunjika, na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Pombe ikipanda kwa kasi kwenye damu, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu inaweza kusimama, huku mtu bado anatembea, anafoka na kufunga milango. Asubuhi hakuna cha kukumbuka kwa sababu hakikuandikwa. Hata akipewa wiki nzima ya kufikiri, hakitarudi. Kwa mtoto aliyetetemeka barazani hadi alfajiri, neno hilo ni sawa na kuambiwa amesema uongo. Baba asiongeze "labda ulikuwa ndoto", wala "mbona mama yako hakuniambia". Mfundishe kabla hajafika aseme hivi: "Sikumbuki usiku ule, lakini nakuamini. Nilikufungia nje, na ulikuwa mtoto. Nisamehe." Kisha anyamaze. Asilie mpaka binti aanze kumbembeleza, maana akifika hapo mtoto ameshageuzwa mlezi. Asidai kusamehewa siku hiyo. Na binti ajue mapema kwamba jibu la baba huenda likawa pungufu kuliko alivyolisubiri miaka 6. Mwambie wewe, usiku wa kuamkia siku hiyo, asije akalisikia kwa mara ya kwanza mezani.

Je, akifika amekunywa? Tangu pakiti ndogo za pombe kali zipigwe marufuku Uganda mwaka 2019, wengi hubeba chupa ya mililita 200, inayoingia mfuko wa koti. Waragi ya asilimia 40, chupa hiyo moja ina gramu kama 63 za kilevi, na mwili wa watu wengi huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeimaliza saa sita usiku bado ana kilevi alfajiri. Aliyemaliza chupa mbili anaweza kuwa nacho hata mchana, ingawa anaapa hajagusa kitu leo. Kahawa na maji ya baridi havipunguzi chochote. Usibishane naye wala usimnuse mbele ya watu. Sema mara moja: "Kaka, leo hatukai. Nitakupigia kesho mchana." Ondokeni. Mpangie siku nyingine, kwa masharti yaleyale.

Nauli usimtumie kwa simu. Kata tiketi ya basi mwenyewe, au mlipe dereva akifika. Pesa mkononi ni mtihani mkubwa kwa mtu wa wiki chache bila pombe, na hakuna sababu ya kumpa mtihani huo siku ya bintiye.

Wazee watakwambia baba ni baba, na huenda mmoja akataja laana. Wajibu kwa heshima kwamba hamjamkataa, mmemwekea saa na mahali. Kaka akianza kudai amchukue mtoto, usimalizie ugomvi huo mlangoni: nenda kwa makamu mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ambaye mambo ya watoto ni kazi yake, kisha kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Binti mwenyewe anaweza kupiga 116, laini ya watoto, bila malipo.

SWALI: Baba alikuja shuleni siku ya wageni akiwa amelewa, akaanguka mbele ya darasa langu. Sasa ameomba tuonane likizo. Nikikataa nitakuwa mtoto mbaya? — Msichana wa S.3, Jinja

JIBU: Hapana. Unaweza kusema "siyo likizo hii" na ukabaki mwanawe. Ukitaka kukutana, chagua muda mfupi na mtu mzima wa kukusindikiza. Usikubali kupanda boda au gari analoendesha yeye. Usichunguze chupa zake, usimwage pombe yake, usimfichie kwa mama. Kunywa kwake hakukuanza kwa sababu yako na kuacha kwake hakuko mikononi mwako, hata ukipata alama nzuri kiasi gani. Shuleni, mweleze mwalimu mmoja unayemwamini kabla ya siku nyingine ya wageni, ili baba akija tena hivyo apokelewe getini. Wenzako wakiuliza, "Baba anaumwa" ni jibu la kweli, na huna deni la kuwaeleza zaidi.

SWALI: Nina miezi 4 bila pombe. Kijana wangu wa miaka 16 hapokei simu zangu. Niende shuleni kwake? — Baba, Busia

JIBU: Usiende. Kumtokea ghafla kutamkumbusha siku zile ambazo hakujua utaingia nyumbani ukiwa na hali gani. Mwandikie ujumbe mmoja kila Jumapili jioni, usio na swali wala ombi: "Habari, mwanangu. Nakutakia wiki njema. Baba." Usimhesabie miezi yako kana kwamba unamdai jibu. Usikasirike akikaa muhula mzima kimya, wala usiruke Jumapili moja, kwa sababu anachopima ni kama unarudi ulipoahidi. Karo lipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, na risiti mpe mama yake, kijana asije akaiona kama njia ya kumnunua. Ukiteleza ukanywa, mwambie mama yake siku hiyohiyo, na uende kliniki kesho yake. Ujumbe wa Jumapili tuma kama kawaida, lakini usiuandike ukiwa umelewa. Ikiwa umeteleza Jumapili yenyewe, subiri hadi Jumatatu.