Kona ya Kete: Maswali ya wasomaji kuhusu gemu za mikakati

Mwezi huu nina barua tano na nusu. Ile nusu ni ya kijana wa Singida aliyeandika salamu ndefu kisha akasahau kuuliza swali. Marahaba, mwanangu, likikujia, lete.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mhasibu wa duka la vipuri vya magari hapa Tanga, nina miaka 46, na gemu nazicheza usiku kwenye kompyuta ya mtumba ambayo feni yake inalia kama cherehani. Silipwi na mtengenezaji yeyote wa gemu. Mtu akiiona kompyuta yenyewe haulizi tena.

*Shikamoo. Mwaka jana ulihakiki Civilization VI ukasema taifa la Kongo "limekatwa mguu". Juzi umeandika kwamba ndilo unalolipenda kuliko yote. Sisi tunaokufuata tushike lipi? – Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Shika la pili, na la kwanza unisamehe.

Ambao hamjaicheza: ni gemu ya zamu. Unaanza mwaka 4000 KK na kundi moja la walowezi, unajenga mji, halafu unasogea polepole hadi zama za roketi. Kila taifa lina tabia yake. Kongo ninayoicheza inaongozwa na Mvemba a Nzinga, na tabia yake ni kwamba haiwezi kujenga mahali patakatifu wala kuanzisha dini. Nilicheza Ijumaa moja usiku, zamu kama sitini. Majirani wote wanaanzisha dini zao, mimi natafuta kitufe cha hekalu, sikipati. Jumamosi asubuhi nikaandika uhakiki. Nilihukumu kesi nikiwa nimemsikiliza mlalamikaji peke yake, na mlalamikaji nilikuwa mimi.

Baadaye bando liliniishia, na gemu nyingine yoyote ndani ya kompyuta sikuwa nayo. Nikairudia Kongo kwa kukosa la kufanya. Wakaja wamisionari wa jirani. Kawaida yangu huwa nawafukuza, ila siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikawaacha wapite. Miji yangu mingi ilipokwisha kuongoka, nikashangaa hesabu zinapanda: Kongo hupata faida zote za dini iliyoenea kwake, hata zile ambazo kwa kawaida ni za mwanzilishi peke yake. Na kila ninapomaliza kujenga Mbanza, ule mtaa wao wa pekee, napewa mtume wa dini hiyo bure.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma. Wareno walifika mdomo wa mto Kongo mwaka 1483. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa 1491. Mwanawe Mvemba, anayejulikana pia kama Afonso wa Kwanza, alishika ufalme 1509 na akaifanya dini ile iliyotoka ng'ambo kuwa ya ufalme wake, hadi mwanawe mwenyewe Henrique akawa askofu mwaka 1518. Kumbe aliyetunga kanuni alikuwa ameiandika historia ndani ya gemu, nami nikaisoma kama kasoro.

Si kwamba ni mteremko. Jirani akieneza dini yake mpaka ikatawala katika kila taifa, anashinda gemu nzima. Zamu ya 214 nilifungwa hivyo hivyo, nikiwa bado nafurahia mitume wa bure.

Tangu siku hiyo nina kauntabuku, lile lenye gamba gumu jekundu ambalo dukani tunaandikia madeni. Kila nikifungwa naandika tarehe, zamu na sababu. Na sitoi hukumu ya gemu yoyote ya mikakati kabla sijafungwa mara tatu. Mara ya kwanza unafungwa kwa kutojua vitufe. Ya pili sijawahi kuipatia maelezo. Labda ni usingizi. Ya tatu ndipo gemu yenyewe inaanza kusema na wewe, na ikiwa haina la kusema, unalisikia hilo pia. Kuna gemu mbili ambazo sitazitaja ambazo hadi leo sijafungwa hata mara moja, na sababu ni kwamba zinaogopa kumfunga mteja.

*Mwandishi, kompyuta inaiba! Nacheza XCOM, ile gemu ya kuongoza askari dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu; askari wangu anaonyeshwa nafasi ya asilimia 95 kumpiga adui, anakosa. Si mara moja. – Kijana wa Bujumbura*

Pole, mdogo wangu. Ila tupige hesabu, ndiyo kazi yangu. Asilimia 95 maana yake katika risasi 20 unatarajia kukosa moja. Nafasi ya kupiga zote 20 bila kukosa hata moja ni kama asilimia 36 tu. Kwa hiyo katika misheni yenye risasi 20 za namna hiyo, kukosa walau mara moja ndilo jambo la kawaida. Kuzipiga zote ndiyo bahati.

Mimi pia nilikuwa nalia kama wewe. Nikaanza kuandika. Katika risasi 120 za asilimia 90 kwenda juu, kauntabuku linaonyesha nimekosa 9. Kabla ya kuhesabu ningeapa ni 30. Zile zilizopiga sikuzikumbuka hata moja. Nani anamkumbuka mteja aliyelipa kwa wakati?

Mtu aliyelieleza hili vizuri ni Sid Meier, yule aliyeanzisha Civilization mwaka 1991. Katika mkutano wa watengenezaji wa gemu wa 2010 alisimulia kuhusu wachezaji wa majaribio: wakiwa na nguvu tatu kwa moja halafu wakashindwa, walikuja juu wakisema kanuni zimeharibika. Wakiwa wao ndio moja kwa tatu na wakashinda, hakuna aliyelalamika. Timu yake ikabadilisha hesabu ili zifuate hisia za mchezaji. Na gemu ya Fire Emblem, katika matoleo mengi toka lile la 2002, inapiga namba mbili na kuchukua wastani wake, kwa hiyo 95 unayoonyeshwa inakuwa kama 99 na nusu. Kompyuta za kuiba zipo basi, lakini nyingi zinaiba kwa ajili yako.

Ukitaka wizi dhidi yako, nenda Civilization VI kwenye ngazi ya juu kabisa, Deity. Pale kompyuta haiongezewi akili hata chembe, inaongezewa mali. Wewe unaanza na kundi moja la walowezi, yenyewe inaanza na matatu. Ngazi ya Prince ndiyo ambayo hakuna anayebebwa.

Kama bahati inakukera kabisa, rudi kwenye bao. Hapa Ngamiani kuna wazee wanacheza bao la Kiswahili jioni chini ya mwembe, na hakuna mchezo wa mikakati ulio mkali kuliko ule: mashimo 32, kete 64, kila kitu kiko wazi mbele ya macho yenu wote wawili, hakuna dadu wala ukungu wa kuficha ramani. Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, anazinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja. Zikiisha mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Nilidhani miaka ya kukaa na kompyuta ingenisaidia. Mzee mmoja alinila nyumba yangu, lile shimo la akiba ya kete, huku akiongea na muuza kahawa juu ya bei ya sukari, hata hakunitazama. Pale huna wa kumsingizia.

*Assalaam alaykum. Mimi Mzanzibari niliyeolewa Muscat. Mwanangu amenionyesha Unguja ndani ya gemu yake, kazi yake ni kutoa karafuu na mdalasini tu. Hii ni heshima au wametudharau? – Mama Nasra*

Waalaykum salaam, dada yangu. Kidogo heshima, kidogo uvivu.

Katika Civilization VI Zanzibar ni mji-dola wa biashara. Huwezi kuuchezea wewe mwenyewe, mataifa makubwa yanaugombea kwa kutuma wajumbe. Mwenye wajumbe wasiopungua watatu na kuwazidi wenzake ndiye anayepewa karafuu na mdalasini, na hazipatikani popote pengine kwenye ramani. Bidhaa ya anasa ya kawaida inafurahisha miji minne, hizi kila moja inafurahisha sita. Nimewahi kuona himaya nzima ikiepuka maasi kwa sababu ya karafuu zenu. Sehemu hiyo naipa heshima.

Uvivu ni huu: ndani ya gemu Unguja ina karafuu tangu 4000 KK, wakati mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ukafika Zanzibar miaka ya mwanzo ya 1800, na mashamba yakaenea zama za Seyyid Said. Tena Pemba haikutajwa, na Wapemba ndio wenye karafuu. Mwambie mwanao hayo mawili, akabishane na wenzake.

Lakini mwonyeshe pia Kilwa Kisiwani, ambayo iliongezwa 2018 kama moja ya maajabu ya kujenga. Lazima ijengwe mahali tambarare kando ya pwani. Ukiimaliza unapewa wajumbe watatu hapo hapo, na miji-dola iliyo upande wako inakuwa na faida zaidi. Nimefika huko. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, unashuka kwenye matope, unatembea mpaka Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba za mawe ya matumbawe, na unajiuliza mji huu ulikuwa unakula nini. Ulikuwa unakula mahusiano: dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake, na Ibn Battuta aliyefika 1331 aliusifu. Kanuni ile ya wajumbe imenasa jambo hilo vizuri kuliko picha yoyote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimamisha gemu nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona, akaniuliza kama nimezima jiko.

*Mimi nina simu tu, tena ya kawaida. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Kigoma*

Unciv. Ni ya bure, ni nyepesi, haina matangazo, imefuata kanuni za Civilization V, na bando likiisha inaendelea. Sura yake mbaya; vumilia. Siku ukipata laptopu hata ya zamani, weka Battle for Wesnoth, ipo bure tangu 2003. Humo usiku na mchana vinabadilisha nguvu za askari, kwa hiyo ukiongoza askari wa mchana, jifunze kurudi nyuma jua likizama.

*Mume wangu anasoma ukurasa wako. Kila usiku saa tatu anasema "zamu moja tu". Saa saba bado namsikia. Nifanye nini? – Mama wa Morogoro*

Mama, swali lako nimelisoma kwa sauti nyumbani na nimechekwa.

Dawa ya hapa kwetu ni saa ya kengele. Mke wangu anaitega saa tano na kuiweka jikoni juu ya kabati, mbali na meza yangu, ili nilazimike kuinuka kuizima. Nikifika jikoni huwa yuko pale, na nina aibu ya kurudi. Inafanya kazi siku nne kati ya tano. Ila tafadhali usichomoe waya ukutani. Kuna mtu alinifanyia hivyo nikapoteza zamu 90 nilizokuwa sijasevu, na katika kauntabuku nimeandika: "Sikufungwa. Nilizimwa."