Usidanganywe na mtoto aliyetulia

Mtoto wa kwanza niliyemhudumia baada ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa alizaliwa amelegea kabisa. Tulimpumulisha kwa mfuko, moyo ukashika kasi, rangi ikarudi, na kipimo cha pili cha damu kikaonyesha asidi inapungua. Nikaandika kwenye faili "anaendelea vizuri" nikaenda kulala. Usiku uleule degedege likamwanza. Asubuhi bosi wangu aliniuliza swali moja tu: kile kipimo kilichokutuliza moyo kilichukuliwa saa ngapi tangu azaliwe? Nilidhani ananisema. Kumbe ndilo swali lenyewe, na kwenu mnaoanza kazi ya kuhudumia watoto wachanga naanza nalo.

Hewa inapokatika, seli za ubongo huishiwa ATP, yaani nishati ya kuendeshea seli, ndani ya dakika chache. Pampu zinazotoa sodiamu nje husimama, seli huvimba, glutameti, kemikali ya kusisimua neva, humwagika na kufungua milango ya kalsiamu, nayo kalsiamu ikijaa ndani huanza kuitafuna seli. Hilo ni wimbi la kwanza. Mtoto akihuishwa, nishati hurudi karibu ilivyokuwa, na kila mtu chumbani hushusha pumzi. Lakini saa kadhaa baadaye, mara nyingi kuanzia ya 6 hadi ya 15, mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli, hulegea tena ingawa oksijeni ipo na mapigo ni mazuri. Watafiti wa University College London waliliona hili miaka ya 1980 kwa spektroskopia ya fosforasi, kipimo cha sumaku kinachosoma nishati ya ubongo bila kuugusa: siku ya kwanza vipimo vya watoto vilikuwa karibu na kawaida, kisha vikaporomoka, na waliozama zaidi ndio walioishia pabaya.

Kwa hiyo mtoto aliyetulia saa ya 3 hajapona, yuko katikati ya mawimbi mawili. Upenyo huo ndio unaofanya tiba ya kumpoza mtoto iwezekane: kuanza kabla ya saa 6 kwisha, kumshusha hadi takriban nyuzi 33.5, kumweka hapo saa 72, kisha kumpasha joto polepole. Majaribio makubwa ya 2005 na 2009 yaliipa tiba hii nguvu. Ila msikimbilie barafu. Jaribio la HELIX lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yake yakatoka 2021, halikuona faida, na vifo viliongezeka kwa waliopozwa. Matokeo hayo yalinikera sana nilipoyasoma, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuihubiri tiba hii kama dawa ya wote. Kama hujapewa itifaki na vifaa vya kufuatilia, kazi yako ni kuzuia homa, kulinda sukari isishuke, na kutompumulisha mtoto kupita kiasi hadi kabonidioksaidi ikashuka mno kwenye damu. Yanaonekana madogo, lakini yote matatu huumiza ubongo uliokwisha jeruhiwa.

Sasa vipimo. Alama za Apgar, zile anazopewa mtoto dakika za kwanza kwa mapigo, pumzi, rangi, ukakamavu na mwitikio, zinaeleza mtoto alivyokuwa dakika ile, basi. Asidi ya damu ya kitovu, hasa pH (namba ya asidi, ikishuka asidi imezidi) ikiwa chini ya 7.0, inasema dhoruba ilikuwa kubwa, wala haisemi nyumba ngapi zimeanguka. Lakteti ya damu, asidi inayozalishwa seli zikikosa oksijeni, ni hivyohivyo. Kinachokaribia kujibu swali la wazazi ni spektroskopia ya MRI, yaani kupima kemikali za ubongo kwa mashine ya picha za sumaku, kwenye talamasi iliyo katikati ya ubongo, baada ya siku kadhaa. Hapo tunatazama lakteti ikilinganishwa na N-asetilaspateti. Hiyo ya pili ni kemikali inayokaa zaidi ndani ya seli za neva, kwa hiyo ikipungua ujue neva zimepotea au ziko hoi. Lakteti ikibaki juu, ubongo bado unahangaika kutafuta nishati. Sehemu ya talamasi na viini vya ndani ya ubongo ikiharibika, hatari ya mtindio wa ubongo hupanda.

Na degedege: msitegemee macho. Mengi hayaonekani nje, huonekana kwenye EEG tu, kipimo cha umeme wa ubongo, na dawa inaweza kuzima mtikisiko huku umeme wa ubongo ukiendelea kuchafuka. Nilikuwa naandika "hakuna degedege" kwa kumtazama mtoto tu. Siku hizi naandika "sijaona".

Tangu asubuhi ile, juu ya kila karatasi ya majibu naandika saa tangu kuzaliwa kabla sijaandika namba yenyewe. Wenzangu walicheka, kisha wakaiga.

Mama atakuuliza siku ya kwanza kama mwanawe atatembea. Nilishawahi kumjibu mmoja "hapana" kwa kuangalia pH peke yake, na mwaka wa pili akaja kliniki anamfukuza mtoto wake kwenye korido. Siku hizi namwambia: "Mama, ubongo wake ulikosa hewa, na siku tatu hizi ndizo zenye kazi. Picha ikitoka tutaketi tena." Kisha namwonyesha mahali pa kumshika mkono bila kuvuta mirija.