Sura kwanza, mstari baadaye: majibu ya maswali yenu kuhusu kujifunza Biblia

Maswali yamekuja mengi, kutoka Arusha mjini hadi vijiji vya Moshi. Yanayofanana nimeyaunganisha. Waliouliza maana ya namba walizoota usiku, hapa sipo mahali pake.

Mtumishi, Biblia ipi ya Kiswahili ni bora? (Wasomaji kadhaa, kwa mara nyingine tena)

Chukua mbili, tuyamalize. Union ya mwaka 1952 ndiyo inayosomwa madhabahuni na ndiyo iliyojaa vichwani mwa wazee, kwa hiyo ukikariri, kariri humo. Habari Njema au Neno iwe pembeni yake. Zikikubaliana, songa mbele. Zikiachana mbali, simama: mara nyingi hapo pana ugumu katika lugha ya asili, na ndipo pa kufungua kitabu cha ufafanuzi. Mkatoliki anayetaka vitabu 73 aangalie ukurasa wa yaliyomo akiwa bado dukani, amtafute Tobiti na Yudithi. Habari Njema huchapwa kwa namna zote mbili, na watu hurudi nyumbani na isiyo yao.

Nasoma mistari kila siku lakini sioni inavyoshikana. Nianzie wapi? (Binti, Sakina)

Anza kwa kuacha mistari. Mwezi mzima kaa na Wafilipi tu: sura 4, mistari 104, barua unayoweza kuisoma kwa sauti ndani ya dakika 20.

Wiki ya kwanza isome yote kila siku kwa mkao mmoja, bila kuandika kitu. Siku ya tatu utaichoka na kujiona umeshaielewa. Hapo ndipo wengi huacha. Vumilia. Ukizidi kuirudia utaona jinsi sura ya 1 inavyorudi kwenye vifungo, na kwamba huyu Paulo anayewahimiza wenzake wafurahi amefungwa.

Wiki ya pili nenda steshenari. Nakili barua kutoka kwenye programu ya Biblia, futa namba zote na vichwa vidogo, panua nafasi kati ya mistari, uchapishe. Hazitazidi kurasa saba. Vichwa vidogo ni kazi ya wahariri. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Ukishazifuta utaona mawazo yanavyotiririka pale namba zilipokuwa zinakukatia njia. Kwa penseli, zungushia maneno yanayorudiwa, kisha upigie mstari viunganishi: basi, kwa hiyo, lakini, kwa maana, ili. Lile "Basi" linaloanza sura ya 4 linaning'inia hewani ukianzia hapo. Ni hitimisho la mwisho wa sura ya 3.

Wiki ya tatu uliza nani, wapi, na kwa sababu gani. Soma Matendo 16:11–40 uone kanisa la Filipi lilivyoanza: Lidia muuza zambarau, mlinzi wa gereza, na Paulo anavyodai haki yake ya uraia wa Rumi mbele ya mahakimu. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi na watu wake walijivunia hadhi hiyo. Ukilijua hilo, 3:20 kuhusu wenyeji wetu, yaani uraia wetu, ulio mbinguni inapata uzito mwingine. Angalia pia 4:2: Euodia na Sintike hawaelewani. Basi maneno ya sura ya 2 juu ya kunyenyekea hayakuandikwa kwa watu wa hewani; yalikwenda kusomwa kwenye kusanyiko lenye ugomvi wenye majina.

Wiki ya nne ndipo ufungue ufafanuzi. Ukiutanguliza, utaona alichokiona mwandishi wake na hutaona kingine. Halafu usome 4:13, "Nayaweza mambo yote", pamoja na mistari miwili iliyoitangulia. Paulo anazungumzia kuweza kushiba na kuweza kuona njaa. Walioubandika kwenye vioo vya daladala wakimaanisha ushindi wa biashara hawakufika mstari wa 12.

Naweza kumaliza Biblia yote kwa siku 90?

Unaweza. Sura ni 1,189, kwa hiyo ni 13 au 14 kwa siku, na Mambo ya Walawi utaipita kama basi la usiku. Kwa mwaka mzima, sura 3 kila siku na 5 kila Jumapili zinatosha. Agano Jipya peke yake lina sura 260: moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka umekwisha.

Yeremia 29:11 ni ahadi yangu ya mwaka. Nifanyeje ili itimie haraka? (Kijana, Majengo, Moshi)

Haraka ndiyo hasa Yeremia aliyokuwa anaipinga.

Fungua sura ya 28 kwanza. Hanania, nabii aliyependwa, anatangaza hekaluni kwamba vyombo na mateka wa Babeli watarudi ndani ya miaka miwili. Watu gani wasingependa kusikia hivyo? Anatangaza mwezi wa tano. Mwezi wa saba wa mwaka uleule amekufa. Sura ya 29 ni barua ya Yeremia kwa mateka haohao. Mstari wa 5 hadi wa 7 anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, waombee amani ya mji walikohamishiwa. Mstari wa 8 anawaonya wasidanganywe na manabii na waaguzi walio kati yao. Mstari wa 10 anataja miaka 70. Baada ya hayo yote ndiyo unakuja ule wa 11. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa Babeli, na tumaini lile lingewakuta wajukuu wao.

Nabii anayekuuzia mstari wa 11 bila wa 8 na wa 10 anafanya kazi ya Hanania. Akikuomba na sadaka ya kuharakisha, funga pochi.

Kalamu za rangi zinatoboa kurasa. Mnatumia nini?

Penseli ya kawaida iliyochongwa butu, na penseli za rangi za wanafunzi wa shule. Karatasi ya Biblia ni nyembamba. Wino wa majimaji huvuja upande wa pili, na kalamu ya wino huacha mfereji usiofutika. Rangi tatu zinatosha. Mwenye rangi tisa huishia kupaka ukurasa wote, na ukurasa uliopakwa wote haujawekewa alama yoyote.

Ramani za nyuma ya Biblia zina kazi gani? (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Marangu)

Kubwa kuliko unavyodhani. Chukua Luka 10:30. Yerusalemu uko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, Yeriko kama mita 250 chini ya usawa huo. Ni mteremko wa mita 1,000 ndani ya kilomita 25 hivi, karibu sawa na kushuka kutoka lango la Marangu hadi Moshi mjini, ila kwa miguu, katika jangwa lenye mapango. Watoto wako wataielewa njia hiyo kuliko watoto wa Dar es Salaam.

Sasa tazama mstari wa 31: kuhani naye "alishuka". Alikuwa anatoka upande wa hekalu. Ule utetezi wa mimbarani kwamba aliogopa kujitia unajisi kabla ya zamu ya ibada unaanza kuyumba, kwa sababu safari yake haikuwa ya kwenda kazini.

Nimetumiwa ujumbe WhatsApp kwamba Biblia mpya zimeiba Matendo 8:37. Nichome yangu?

Usichome. Na usiutume mbele, maana huu ni ujumbe uleule wa siku zote uliobadilishwa picha.

Fungua Union yako, hiyohiyo ya babu: mstari wa 37 upo ndani ya mabano. Mabano yanakwambia kwamba maneno hayo hayamo katika nakala za kale zilizo muhimu. Namba za mistari ziliwekwa karne ya 16, wakati wachapaji wa Ulaya walitegemea nakala chache za Kiyunani, nyingi zikiwa za karne za karibuni. Baadaye nakala za karne ya 4 zilianza kusomwa kwa makini, ikiwemo ile ya monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, ambayo mtaalamu wa nakala za kale, Tischendorf, aliitangazia dunia baada ya safari yake ya mwaka 1859. Humo mstari huo haumo. Wafasiri wengine wakaweka mabano, wengine wakaushusha chini ya ukurasa, na namba ikabaki na pengo. Hakuna aliyeficha kitu. Anayeficha haachi pengo lenye namba.

Mfano mwingine ni maneno ya mashahidi watatu mbinguni katika 1 Yohana 5:7–8. Erasmus, mtaalamu aliyechapisha Agano Jipya la Kiyunani, hakuyaweka katika chapa zake za mwaka 1516 na 1519. Yaliingia katika ile ya 1522, baada ya kelele. Utatu hauanguki kwa kukosa mstari huo, na anayeujenga juu ya mstari huo mmoja ameujenga vibaya.

Je, lazima nijifunze Kiyunani?

Hapana. Na nusu yake ni mbaya kuliko kutokujua. Namba za Strong, zinazolipa kila neno la lugha ya asili namba yake, ni za mwaka 1890 na zilifungwa kwenye maneno ya Biblia ya Kiingereza ya King James. Msomaji wa Kiswahili anayezitumia anapitia lugha ya tatu katikati, kisha anachukua maana zote za kamusi na kuzimwaga kwenye sentensi moja. Neno lina maana moja mahali lilipo, na sentensi ndiyo inayoichagua. Ukitaka Kiyunani cha kweli, jiandikishe darasani.

Sina pesa za vitabu. (Mwinjilisti, Usa River)

Uko jirani na Chuo cha Makumira. Kaulizie maktabani utaratibu wa wasomaji wa nje. Wenzako wa upande wa Rombo waulizie chuo cha Mwika. Itifaki ya Biblia (orodha ya maneno na mistari yalipo) na kamusi moja ya Biblia zitangulie ufafanuzi wowote. Kama unasoma Kiingereza na mtaa wenu unaweza kuchangishana, nunueni Africa Bible Commentary ya mwaka 2006: juzuu moja, Biblia nzima, waandishi 70 wa Afrika.

Vya bure kwenye simu vina tatizo moja: vingi ni vya bure kwa sababu ni vya kale. Matthew Henry, mwandishi wa ufafanuzi maarufu, alifariki mwaka 1714. Ni mwema kwa tafakari ya asubuhi, lakini usimtegemee kwa historia wala kwa nakala za kale, maana mengi yaligunduliwa yeye akiwa kaburini. Pakua Biblia kwenye simu ukiwa na bando ili uisome bila intaneti, kisha uzime data.

Jumuiya yetu ina watu 12 na anayeongea ni mmoja. (Mama, Kibosho)

Mkalishe pembeni ya kiongozi, si mbele yake. Anayetazamana na kiongozi hujibu kila swali. Aliye ubavuni hukosa macho ya kuyadaka.

Chagueni mistari 10 hadi 15, isizidi. Isomwe mara mbili na watu wawili katika tafsiri mbili, na wazee wasioona vizuri waulizwe kabla ya kupewa zamu. Dakika tano za kimya. Duru ya kwanza kila mtu anataja jambo moja aliloliona, akitaja na namba ya mstari, marufuku kuhubiri. Duru ya pili ni ya maana, ya tatu ni ya kutenda. Kiongozi asiulize swali la ndiyo au hapana, wala asijibu swali lake mwenyewe. Akinyamaza kidogo tu, atajitokeza mtu. Saa moja, mfunge. Chai iwe mwisho.

Ni lazima kufunga kabla ya kusoma?

Hapana. Kula, usome.

Naiuliza akili mnemba, inanijibu vizuri sana. Kuna ubaya?

Kujibu vizuri ndiyo ubaya wenyewe. Inaweza kukutajia andiko lisilosema inachodai, au kumwekea mwanatheolojia maneno ambayo hakuyaandika. Kila andiko lifungue ulisome kwa macho yako, na kila nukuu isiyo na kitabu na ukurasa itupe.

Tunataka kuanza somo la Ufunuo. Tuanze na ile namba ya mnyama? (Kikundi cha vijana, Ngaramtoni)

Anzeni na Kutoka 7 hadi 15, Danieli 7, Ezekieli 1 na 37 hadi 48, na Zekaria 1 hadi 6. Yohana hutumia picha za vitabu hivyo karibu kila ukurasa bila kuvitaja, na asiyevijua hujaza mapengo kwa habari za redioni. Kisha someni sura ya 2 na 3 mkiwa na ramani ya magharibi ya Uturuki: makanisa saba yapo katika miji halisi, na barua zimepangwa kwa duara ambalo mjumbe angeweza kulipita. Sura ya 13 itawangoja. Na mwenye chati ya miaka na kiingilio cha semina, msimlipe hata akiwa na projekta.