Nina mimba na sisti ya sentimita 8, wakinipasua ntazaa tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 13, nilienda ultrasaundi ya kawaida tu wakaniambia mtoto yuko salama ila ovari ya kulia ina sisti ya sentimita 8, ndani ina mafuta na nywele. Daktari kasema turudie kipimo wiki ya 16 na kama bado ipo itolewe. Mama mkwe kusikia tu upasuaji kashaanza kulia eti wananitoa kizazi, mume naye anasema tusubiri nijifungue kwanza. Mi naogopa yote, kumpoteza huyu na kukosa mwingine baadae. Nifanyeje?
Mama kijacho

JIBU: Marahaba mama kijacho. Kwanza mtulize mama mkwe. Sisti, yaani kifuko cha uvimbe, iko kwenye ovari, kizazi kiko jirani tu na hakikatwi. Yako kwa maelezo hayo inafanana na damoidi, yaani sisti ya mafuta na nywele, ambayo ni nadra sana kuwa kansa, na kinachofanyika kwa kawaida ni daktari kuchana ganda la ovari, akaimenya sisti ikatoka, ovari ikabaki mahali pake na mayai yake, hata kama ilishabanwa ikawa nyembamba pembeni. Na hata ikitokea ovari nzima imeondolewa, ile ya kushoto ikiwa nzima inatosha, utaendelea kupata siku zako na mimba unabeba.

Kwa nini wiki ya 16? Sisti nyingi za mwanzo wa mimba ni kile kifuko kinachobaki yai likishatoka, ndo kinatoa projesteroni, homoni ya kushikilia mimba mpaka plasenta ishike kazi, alafu kinasinyaa chenyewe, kwa hiyo mtu akikimbilia kukitoa mapema anaweza kuiharibu mimba bure. Damoidi haisinyai hivyo. Ila kusubiri bado kuna faida, maana kipindi hicho viungo vya mtoto vimeshaumbika, mimba haitegemei tena ovari, na tumbo halijawa kubwa kiasi cha kumzuia daktari kufika anapotaka, hata kwa upasuaji wa matundu madogo, ambao ukifanywa na mtu mwenye uzoefu ni salama kwa mjamzito na unapona haraka. Hatari kwa mimba haiwi sifuri, hilo sikufichi, ila hapo ndo inakuwa ndogo.

Mumeo nae hajakosea sana. Sisti ndogo, chini ya sentimita 5 na isiyo na dalili mbaya, wengi tunaiacha mpaka mama ajifungue. Shida ya sentimita 8 ni kwamba ovari inaweza kujisokota, damu ikakatika, na hapo unapasuliwa usiku kwa dharura badala ya siku iliyopangwa, mimi kati ya hayo mawili nachagua la kupangwa. Ukisikia maumivu makali ya ghafla upande mmoja, na juu yake unatapika, usimeze dawa ukalala, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama tarehe ya kipimo bado. Ikiwahiwa inasokotolewa tu, na hata ikiwa imeshabadilika rangi kuwa nyeusi mara nyingi inarudi kuwa hai.

Kabla ya kusaini fomu muulize daktari: unatoa sisti peke yake au na ovari, na ukikuta kitu cha kutia shaka humo ndani utafanya nini? Ajibu mume akiwepo. Wakikupima damu CA-125, kipimo cha kutafuta dalili za kansa ya ovari, ikaja juu msishtuke, mimba yenyewe huwa inaipandisha, tunaangalia zaidi picha.

Na kama unawaza kujifungua kawaida, upasuaji huu haukuzuii, maana kizazi hakina kovu lolote.