Jibu: Taa ya Wi-Fi inagoma kuunganishwa, simu inakubali

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, taa yako ya kuwasha kwa simu kupitia Wi-Fi inapepesa, programu yake kwenye simu inatafuta weee hadi inasema imeshindwa, na simu iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo bila shida. Pia umeuliza itakuwaje bando la intaneti likiisha, na kuhusu kamera.

Kabla hujairudisha dukani, angalia ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi nyumbani. Nyingi za sasa zinarusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5, mara nyingi kwa jina moja. Taa na soketi nyingi za bei ya kawaida zinasikia 2.4 tu, tofauti na simu nyingi zinazosikia yote mawili. Mimi nilihangaika siku mbili na soketi ya feni nikidhani nimeuziwa mbovu. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikazima 5 kwa muda, ikashika papo hapo. Baadaye nikairudisha 5 na soketi ikabaki hewani.

Ukiwa humo, weka usalama wa Wi-Fi (aina ya ulinzi wa nywila) uwe WPA2, maana vifaa vingine havielewi WPA3, ambayo ni mpya zaidi. Zima na data ya simu wakati wa kuunganisha. Halafu irudishe taa kwenye hali ya mwanzo, kama ilivyotoka kiwandani: nyingi unazima na kuwasha swichi haraka mara tatu hadi tano, mpaka ianze kupepesa kwa kasi. Idadi kamili soma kwenye karatasi ya boksi.

Kuhusu bando kuisha: kwa kawaida amri ya simu inakwenda kwanza kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni) ya mtengenezaji ndipo irudi sebuleni kwako, kwa hiyo programu inaweza kugoma. Swichi ya ukutani haijali bando, usiing'oe! Kamera sijawahi kufunga, hiyo niwaachie wengine.