Mama amekutwa na saratani ya shingo ya kizazi, 2B: tumpeleke mionzi au tumwache nyumbani?

Dada, pole sana, na mfikishie mama pole zangu. Umeandika kwamba alianza kutokwa damu wakati hedhi yake ilishakoma miaka kadhaa, kinyama kikapelekwa maabara, majibu yakarudi kuwa ni saratani ya shingo ya kizazi, na daktari ameandika hatua ya 2B. Rufaa mnayo mkononi hapo Kigoma. Ila kikao cha ukoo kimegawanyika: baba mkubwa anasema mionzi inaunguza watu na wengi wanarudi kwenye jeneza, wajomba wanataka aanze na miti shamba, na wewe unauliza kama kuna mtu yeyote amewahi kumwona mgonjwa wa namna hii akapona.

Mimi nimemwona. Ni mama yangu mzazi. Alikuwa 2B hiyohiyo, alitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar es Salaam, akamaliza tiba 2018. Yuko Newala, msimu uliopita ameokota korosho zake mwenyewe, na hospitali anakwenda kwa ajili ya kliniki ya marejeo tu. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na upande, na upande wangu ni kwamba mama aende, aende mapema, na akienda amalize. Hilo la kumaliza nitalirudia mpaka unichoke, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wengi wakipoteza nafasi waliyokuwa nayo.

Kwanza hiyo 2B. Maana yake ugonjwa umetoka kwenye shingo ya kizazi na kuingia kwenye nyama zilizo pembeni yake, lakini haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Hatua ya 3 ndiyo inayofika huko, au kushuka hadi sehemu ya chini ya uke, au kuziba mirija ya mkojo mpaka figo zinavimba. Ya 4 imeingia kibofu au utumbo mpana, au imeshasafiri hadi mapafu na kwingine. Kwa 2B upasuaji kwa kawaida si njia, na msishangae daktari akikataa kumpasua. Tiba yake ni mionzi pamoja na dripu za dawa, na inatolewa kwa lengo la kuponya. Muulizeni daktari waziwazi, mbele ya baba mkubwa ikiwezekana: "Hii tiba ni ya kuponya au ya kumpunguzia maumivu?" Kwetu swali hilo lilinyamazisha nusu ya kikao.

Sasa, kwa nini watu wanaamini mionzi inaua? Nimekaa sana kwenye mabenchi ya kusubiri nikiongea na ndugu wa wagonjwa, na sababu naiona wazi. Hapa Tanzania hii ya shingo ya kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote, takriban wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka kwa makadirio, na wengi wao wanafika hospitali ikiwa hatua ya 3 au ya 4. Mtu ametokwa damu mwaka mzima, ametibiwa U.T.I. na fangasi kwenye zahanati tatu, ameoga dawa, ameombewa, na anaondoka kijijini akiwa amebebwa. Akifariki, kijiji kinakumbuka kwamba alikwenda mionzi. Ule mwaka mmoja uliotangulia hakuna anayeuhesabu. Mama yenu hayuko huko, ndiyo maana siku zinazopita kwenye vikao zinanitia hofu kuliko mionzi yenyewe.

Tiba inavyokwenda ni hivi. Kuna vipimo vya kuanzia: damu, figo, picha, na kipimo cha VVU. Kama ana VVU asiogope. Wanaoishi na virusi wako kwenye hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii, na wanatibiwa kama wengine huku wakiendelea na ARV zao. Kisha anapangiwa eneo la mionzi na kuchorwa alama mwilini, ambazo haruhusiwi kuzifuta akioga. Mionzi ya nje ni Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa kawaida mara 25, yaani wiki tano hivi. Analala mezani dakika chache, haoni kitu, hasikii maumivu. Katika wiki hizo anapata dripu ya dawa iitwayo cisplatin mara moja kwa wiki, na anapewa maji mengi ya mshipa siku hiyo kwa sababu dawa ile inaweza kuumiza figo. Mwisho inakuja mionzi ya ndani, ambapo kifaa kinaingizwa ukeni hadi kwenye shingo ya kizazi yenyewe, mara tatu au nne kutegemea mpango wa daktari.

Dada, shika hili. Katika wiki chache za mwanzo damu inakauka. Ile harufu iliyokuwa inamtia mama aibu inaisha. Anaanza kula, anacheka, anauliza habari za mashamba. Ndugu wakipiga simu wanasema: amepona, mrudisheni, hela imeisha. Na wengi wanarudi. Mionzi ya ndani ndiyo inayopeleka dozi kubwa pale pale kwenye shina la ugonjwa, dozi ambayo ya nje haiwezi kuifikisha bila kuunguza kibofu na utumbo. Anayeondoka kabla ya hapo ameacha kazi katikati, na ugonjwa ukirudi unakuwa mgumu zaidi. Tena tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane hivi. Ikiburuzwa kwa sababu ya nauli, msiba, mavuno au Idi, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa unashuka. Sista mmoja wodini alimwambia mama: "Mama, hapa hakuna likizo." Tulilishika neno lake.

Kuhusu takwimu, nitakupa chache ninazoziamini. Mwaka 2008 watafiti walijumlisha majaribio mengi ya nchi mbalimbali wakaona hivi: katika wanawake 100 wa hatua tofauti waliopata mionzi peke yake, kama 60 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na dripu zikiongezwa wanafika 66. Kwa hatua ya 2 faida ya dripu ilikuwa kubwa kuliko kwa hatua ya 3. Mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa INTERLACE, lililohusisha Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Waliopewa kwanza wiki sita za carboplatin na paclitaxel kabla ya mionzi na cisplatin walibaki hai kwa asilimia 80 baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 72 kwa wasiopewa. Hizo ni dawa za zamani ambazo hospitali za saratani zinazifahamu vizuri, kwa hiyo muulizeni daktari kama zinamfaa mama. Akisema figo au damu yake haviruhusu, mkubalieni. Wanawake wa kwenye majaribio hufuatiliwa kwa karibu sana na humaliza tiba, nami nadhani hapo ndipo familia inapoweza kumsogeza mgonjwa wake karibu na takwimu hizo.

Wajomba nao wasidharauliwe, wanampenda dada yao. Waambie paclitaxel ilipatikana kwenye magome ya mti. Hakuna anayebisha kwamba mti una dawa. Tofauti ni kwamba ile imechujwa, imepimwa, na daktari anajua ngapi inatibu na ngapi inaua. Dawa ya chupa isiyojulikana kipimo, ikiingia mwilini pamoja na cisplatin, figo ndizo zinazolipa, na figo zikigoma dripu zinasimamishwa. Kama wanataka kusaidia, kazi ipo: watoe damu. Mama ametokwa damu muda mrefu, na wingi wake ukiwa chini ya 10 madaktari huwa wanataka aongezewe, kwa sababu mionzi inafanya kazi vizuri mwili ukiwa na damu ya kutosha. Wajomba zangu wawili walitoa. Mmoja wao ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwenye kikao.

Maombi yaendelee pia. Mama yangu aliombewa duwa kila Ijumaa na shehe wetu, na shehe huyohuyo ndiye aliyemwambia asikose hata siku moja ya mionzi.

Fedha. Wagonjwa wa saratani wamo kwenye sera ya msamaha wa matibabu, ila msamaha haulipi nauli, chumba wala chakula, na kuna vipimo au dawa mnaweza kutakiwa kununua nje. Siku ya kwanza kabisa nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa, mkajieleze. Msisubiri mpaka muishiwe. Sisi watoto tuligawana: mmoja nauli, mmoja chakula, mimi nilikaa naye. Asiende peke yake. Wiki ya tatu na kuendelea uchovu unakuwa mkubwa na tumbo linaharisha, na mtu aliye peke yake ndipo anapokata tamaa. Kwa mama yangu maharage, maziwa na pilipili vilimwendesha, tukahamia uji, wali, viazi, ndizi zilizoiva na samaki, na maji ya kunywa wakati wote. Akiharisha sana au kupata homa, mwambieni sista siku hiyohiyo. Wana dawa za kutuliza.

Kutoka Kigoma, Bugando pale Mwanza wanatoa mionzi na ni karibu kuliko Dar. Rufaa yenu imeandikwa wapi? Kama ni Ocean Road, ulizeni kama inaweza kubadilishwa, maana wiki nane ni nyingi kwa mtu anayelipia chumba.

Kuna mambo ya baadaye ambayo hakuna aliyetuambia kwa uwazi, nikaja kuyajua kwa kuuliza. Mionzi inabana uke, unakuwa mkavu na mfupi. Wauguzi wanafundisha kutumia vifaa vya kupanua ili usishikane na ili daktari aweze kumpima huko mbele. Mama ataona haya kuongea nawe, kwa hiyo mtafutie shangazi au sista mwanamke. Baba naye aelezwe kwamba saratani hii haimwambukizi, wala mionzi ya mkewe haimdhuru. Nimeona wanawake waliopona ugonjwa wakaachika kwa kukosa maelezo hayo tu. Pia miezi mingi baadaye anaweza kuona damu kwenye choo kikubwa. Mara nyingi ni utumbo uliochubuliwa na mionzi na unatibika, lakini akapimwe, msikisie nyumbani.

Si wote tuliokaa nao walipona. Mama mmoja wa Lindi, rafiki mkubwa wa mama yangu kule wodini, alikuja figo zikiwa zimeshaziba. Alipewa mionzi michache ya kuzuia damu, na morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya kunywa. Alirudi kwao akalala usingizi, akaongea na wanawe, akagawa vitu vyake. Nakuambia hili ili mjue kwamba hata tiba ya kuponya ikishindikana, hakuna sababu ya mtu kufa akipiga kelele za maumivu. Daktari akitaja morfini, baba mkubwa asifikiri anapewa sumu.

Na wewe mwenyewe, dada, na dada zako: mmeshapimwa? Ugonjwa huu unaletwa na virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Kipimo cha siki, yaani shingo ya kizazi inapakwa siki na kuangaliwa, ni cha dakika chache, na kidonda cha awali kikionekana kinagandishwa au kuchomwa. Kuanzia miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU, nendeni. Binti zenu wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo. Tangu 2024 ni dozi moja tu, na ni bure.

Mkifunga safari, bebeni karatasi ya majibu ya kinyama na muiombe maabara ile nyama yenyewe iliyohifadhiwa kwenye nta, kwa sababu hospitali kubwa mara nyingi hutaka kuisoma upya, na kuifuata baadaye hula muda. Siku daktari atakapowapangia mionzi ya nje, ulizeni hapohapo mionzi ya ndani itafanyika hospitali gani na tarehe gani, muiandike kwenye kadi, na tiketi ya kurudi Kigoma msiikate kabla ya tarehe hiyo kupita.